Mtoto Hana Libanga

Siku ya soko Masisi, kibanda cha muziki unakitambua kwa mbali: paneli ya jua juu ya bati, betri ya gari chini ya meza na kompyuta iliyojaa vumbi. Mteja anatoa kadi ya kumbukumbu ya simu yake, anataja wanamuziki anaowataka, anajaziwa nyimbo. Rumba ya Kinshasa, bongo fleva, nyimbo za Kinyarwanda, kwaya za Goma. Ukimwomba za watoto, muuzaji anafikiri kidogo, kisha anakuwekea kwaya ya ECODIM, yaani shule ya Jumapili ya Waprotestanti, au ya Kizito-Anuarite, kikundi cha watoto wa Kikatoliki. Ni nyimbo nzuri, na waliozigharamia ni waumini. Wale nyota wenye mabango barabarani hawamo.

Si kwamba hawapendi watoto. Tatizo ni namna muziki wa Kongo unavyoleta pesa. Tangu wauza nakala haramu waliposhika soko la kaseti, na baadaye la CD, mwanamuziki wa Kinshasa ameishi kwa matamasha na kwa libanga. Kwa Kilingala neno hilo maana yake ni jiwe: tajiri, mwanasiasa, afisa wa jeshi au Mkongomani aliyefanikiwa Brussels hulipa, jina lake likatajwa ndani ya wimbo. Zipo nyimbo ambazo ukiyatoa majina, mapenzi yanayobaki hayatoshi kujaza nusu ya kaseti. Katika biashara ya namna hiyo msikilizaji si mteja. Mteja ni yule anayetajwa. Mtoto wa miaka minne hana libanga la kurusha, na baba yake akilipa anataka atajwe yeye.

Kwingine hesabu ilipigwa tofauti. Mwaka 1962 Mfaransa Anne Sylvestre, aliyekuwa akiimba nyimbo nzito za watu wazima, alianza mfululizo wa nyimbo za watoto alizoziita Fabulettes. Jukwaani alikataa kabisa kuziimba. Jukwaa alilihifadhia ile kazi yake nyingine. Lakini santuri za watoto ziliendelea kununuliwa, mama akimnunulia mwanawe zilezile alizolelewa nazo, na uhuru wake wa kifedha ulitoka huko. Mwaka 1973 alifungua kampuni yake mwenyewe ya kurekodi. Marekani, Johnny Cash alitoa albamu ya watoto mwaka 1975. Afrika Kusini, Ladysmith Black Mambazo, baada ya miongo mingi ya umaarufu, walirudi mwaka 2011 kwenye nyimbo za utotoni mwao shambani na kuzifanya albamu nzima, Songs from a Zulu Farm.

Mwimbaji mkongwe anajua jambo ambalo chipukizi hana subira nalo. Wimbo wa mapenzi huzeeka pamoja na wapenzi wake. Wimbo wa kubembeleza hupata wateja wapya kila wanapozaliwa, na mteja huyo atataka urudiwe mara kumi kabla ya uji kupoa. Faida yake huja polepole, kama ya ng'ombe wa maziwa. Wafugaji wa Masisi wanaotengeneza ile jibini yetu ya duara hawahitaji kufundishwa hilo.

Kuna pia suala la mwenye mali. Nyimbo za watoto zilizo nyingi hazina mtunzi anayejulikana, na ambaye hajulikani halipwi. Lakini atakayeupanga wimbo huo upya, akaurekodi na kuusajili, ana haki juu ya mpangilio wake na rekodi yake. Baby Shark ulianza kama wimbo wa kambi za vijana, hauna mwenyewe. Pinkfong ya Korea Kusini ikautengeneza kwa namna yake, na Januari 2022 video yake ikawa ya kwanza katika YouTube kutazamwa mara bilioni 10. Mwanamuziki wa Marekani aliyekuwa na toleo la awali alifungua kesi mwaka 2019. Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya Korea ikamkatalia. Lakini mtu asidhani kwamba YouTube ni mgodi usio na mlinzi: baada ya Google kutozwa dola milioni 170 mwaka 2019 kwa kukusanya taarifa za watoto, tangu Januari 2020 video za watoto haziruhusiwi matangazo yanayomfuata mtazamaji, na mapato yake yalipungua.

Sasa twende Walikale, ambako mali ghafi ya biashara hii imelala kama kasiteriti, yaani madini ya bati, kabla ya mgodi wa Bisie kuchimbwa. Hii ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, kilomita za mraba 23,475, sehemu kubwa msitu, nyumbani kwa Wanyanga. Mwaka 1956 mtafiti Daniel Biebuyck alimsikiliza msimulizi Candi Rureke kwa siku 12, akiimba, akisimulia na kucheza habari za Mwindo, huku vijana wakigonga mti mkavu kumpa mdundo. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Mnyanga mwenzetu Kahombo Mateene. Mwindo ni mtoto ambaye baba yake, kwa kutotaka mwana wa kiume, alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Naye mtoto akaendelea kuimba humo humo ndani, ngoma ikisafiri. Unataka albamu gani ya watoto zaidi ya hiyo? Marekani hadithi hiyo imekwisha kugeuzwa kitabu cha watoto. Lakini Ndjingala na Mubi, hukohuko Walikale, haiuzwi kwenye kadi ya simu. Na tusisahau kwamba Rureke hakuimba bure: kijijini mwimbaji wa Mwindo hupewa zawadi, chakula na pombe katikati ya masimulizi, na hao wanaompa ni wasikilizaji wenyewe.

Leo mnunuzi mkubwa wa wimbo wa watoto Kivu ni mradi wa misaada. Chanjo, kipindupindu, mabomu yaliyofukiwa, kurudi shuleni. Mwanamuziki wa Goma anaitwa, analipwa mara moja, anatia sahihi, na wimbo unaishi kadiri ya bajeti. Simlaumu, kodi ya nyumba haisubiri. Ila Dar es Salaam shirika la Ubongo, ambalo nalo linaendeshwa kwa fedha za wafadhili, tangu 2014 limejenga wahusika na nyimbo zinazorudi mwaka baada ya mwaka, na mali hiyo imebaki mikononi mwake.

Vita vimeibana biashara hii zaidi. Rubaya, huko Masisi, ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Goma Januari 2025, na benki za mjini zikafunga. Studio, kama muuza nyanya, ikabaki na pesa za simu na dola za mkononi. Machi 2025 mapigano yalipofika Walikale, mgodi wa Bisie ulisimama, ukaanza tena Aprili. Bati likisimama, bia husimama, na muziki pia. SOCODA, shirika la kukusanya haki za watunzi lililochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, liko Kinshasa, na njia ya pesa kutoka kibanda cha betri hadi huko ni ndefu kuliko barabara ya Walikale kwenda Kisangani. Wakati huohuo mamia ya maelfu ya wakimbizi wa ndani wamelea watoto mbali na mabibi wanaojua nyimbo za Kihunde na Kinyanga. Sisi ndio watu ambao tangu 1996 tumelifanya neno kadogo, yaani mdogo, kuwa jina la askari mtoto.

Kwa albamu ya watoto, mimi ningemwendea mwimbaji Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, ambaye sauti yake tayari inabembeleza. Gharama zake ningezitafuta palepale zilipo, kwenye libanga. Tajiri wa kasiteriti wa Mubi anayelipa ili atajwe katika rumba anaweza kulipa mwanawe atajwe katika wimbo wa kulalia, na mwenye ng'ombe wa Masisi vilevile. Majina ya watoto yana faida moja ambayo ya mabosi hayana: mtoto wa jirani akilisikia la mwenzake, naye atataka lake, na mama yake hatalala mpaka alipie.