Fundi Akikuachia Gesi Inavuja: Njia Nne za Kudai Haki na Gharama Zake

Fundi kabadilisha mpira wa jiko la gesi, kaukaza kwa waya badala ya klipu, kapokea hela yake kaondoka. Jioni nyumba nzima inanuka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutanda chini sakafuni, na cheche ya swichi inatosha kuilipua. Usiguse swichi yoyote. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje, kisha pigia Zimamoto 114.

Hatari ikishapita, mkazi wa Kingolwira, Morogoro, anaweza kudai haki kwa njia nne. Zote zinahitaji ushahidi: usiutupe ule mpira, upige picha ukiwa umefungwa hivyo hivyo, na utunze risiti au ujumbe wa malipo ya simu.

Makubaliano. Gharama yake ni karatasi na muda. Mwandikie fundi barua, mpe siku saba arudishe hela au alipe mwingine arekebishe, na nakala mpelekee mwenyekiti wa mtaa. Ahadi ya mdomo usiikubali: iandikwe, isainiwe mbele ya mashahidi.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kulalamika ni bure. Njia hii inafaa kosa likiwa la muuza gesi mwenye leseni, mfano mtungi wenye valvu mbovu. Anza kwa muuzaji mwenyewe. Akikaidi, peleka malalamiko EWURA. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, husaidia kuyaandaa. Kwa fundi wa kuitwa tu mtaani, usiitegemee sana.

Polisi. Kufungua jalada pia ni bure. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya uzembe unaohatarisha maisha kuwa jinai. Aliyeungua achukue mapema PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Lakini jinai lengo lake kubwa ni kumwadhibu mkosaji. Hasara yako huenda ukalazimika kuidai kwingine.

Mahakama. Hapa kuna ada, nauli za kwenda mjini na miezi ya kusubiri. Kurudishiwa hela ya kazi ni dai la mkataba, na Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai hayo yasiyozidi shilingi milioni 30. Fidia ya majeraha au nyumba iliyoungua kwa uzembe ipeleke Mahakama ya Wilaya. Ukomo wa madai ya uzembe ni miaka 3, ya mkataba miaka 6. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada wa kisheria bila malipo, chini ya sheria ya mwaka 2017.

Kama hakuna aliyeumia, barua inatosha kuanzia. Kesi ya kudai hela ya mpira itakula zaidi ya mpira wenyewe. Kama mtu ameungua, usikubali kumalizana kienyeji kwa pole na hela ya dawa: nenda polisi siku hiyo hiyo, kisha dai fidia mahakamani kabla miaka 3 haijapita.