Mgeni, Mwenyeji na Puto: Ugawaji wa Kumbukumbu katika Seva

Msomaji ajuaye "barua pepe" tu, akikutana na "mashine pepe", atadhani ni mashine ya umeme. Maana hiyo haimfai, kwani mashine zote za kompyuta ni za umeme. Mashine pepe ni ile isiyo na umbo lake yenyewe, bali imeundwa kwa programu ndani ya seva. Seva huitwa mwenyeji, na mashine pepe mgeni. Na majina hayo yamekwisha kupewa upatanisho wa viumbe.

Mwenyeji mmoja huchukua wageni wengi. Kwa kuwa ni nadra wote kuhitaji kumbukumbu yao yote kwa wakati mmoja, huwaahidi zaidi ya aliyo nayo. Hatari ni siku wote watakapoidai ahadi hiyo. Wala hawezi kuitwaa kumbukumbu ovyo, maana hajui ni kurasa zipi mgeni azihitajizo.

Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware, akieleza programu ya ESX Server, alionyesha njia ya kuiondoa shida hiyo. Ndani ya mgeni huwekwa programu ndogo iitwayo puto. Mwenyeji apungukiwapo, huliamuru puto livimbe, yaani limwombe mgeni kumbukumbu. Mgeni akibanwa huchagua mwenyewe kurasa za kuziacha, na mwenyeji huzitwaa. Dhiki ikipita, puto hunywea.

Uangalizi wote ulijiendesha wenyewe. Kila sekunde 30 kurasa 100 za kila mgeni zilichaguliwa bila mpango, ili kukadiria kiasi kitumikacho. Akiba ya seva iliposhuka hadi asilimia 4, maputo yalivimbishwa. Ilipofika asilimia 2, kurasa zilihamishiwa diskini kwa nguvu, jambo lipunguzalo sana mwendo wa kazi. Kadhalika kumbukumbu iliyokaa bila kutumika ilitozwa kodi, ambayo kwa kawaida ilikuwa asilimia 75, hata mgeni mvivu akapokonywa kabla ya mwenye bidii. Hapa msemo wa "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" wapata maana mpya.

Basi "mgeni" na "mwenyeji" ni istilahi zifaazo, maana zaueleza uhusiano wenyewe. Ama "pepe", hapana budi kamusi itenganishe maana zake mbili: ya kupelekwa kwa mitambo ya umeme, na ya kutokuwa na umbo. Zikichanganywa, mwanafunzi hatajua kwamba kumbukumbu aliyoahidiwa mgeni yaweza kuwa haipo.