Tairi Kubwa Si Dawa ya Kila Tope

Kila mwaka, mvua zinapoanza kunyesha mwezi wa Desemba, wenye magari ya kazi katika Mkoa wa Dodoma huanza kuyatazama matairi yao. Kweli, barabara kuu za Mkoa huu leo ni za lami. Mtu aweza kutoka mjini Dodoma akafika Morogoro, Singida au Iringa, na tangu mwaka 2018 hata Kondoa na Babati, bila ya kukanyaga tope. Lakini mazao hayalimwi juu ya lami, wala wagonjwa hawaugui kando ya lami tu. Mtama, alizeti na mpunga wa Bahi hutoka vijijini, na njia ya kijijini aghalabu hukatwa na korongo la mchanga, au hupita katika mbuga yenye udongo mweusi ambao ukilowa hulishika gurudumu kama gundi.

Kwa sababu hiyo wengi huamua kuweka matairi makubwa kuliko yale yaliyokuja na gari. Na tairi jipya linapokwaruza springi au mkono wa usukani, fundi huleta spesa. Hili ni bamba nene la mviringo, aghalabu la aluminiamu, liwekwalo kati ya habu na rimu ili kulisukuma gurudumu nje. Springi haiguswi tena, mwenye gari hufurahi, na gari huonekana limesimama kwa ushupavu.

Hatusemi kwamba spesa ni kitu kibaya kwa asili yake. Toyota walipoweka injini ya V8 katika Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 2007, waliyapanua magurudumu ya mbele, lakini ya nyuma wakayaacha yakiwa karibu zaidi kwa sentimita 9 hivi. Basi ya nyuma hayafuati mkondo uliokwisha kukanyagwa na ya mbele, bali hujichimbia wake. Wapo madereva waliotafuta spesa ili kuondoa tofauti hiyo, nao walikuwa na sababu ya kueleweka. Ubaya huanza pale kifaa hiki kinapofungwa bila kipimo, halafu gari likapakiwa watu.

Majuzi tulisimama katika gereji moja mjini Dodoma, tukaonyeshwa spesa iliyotolewa katika gari la kazi. Ilikuwa na ufa kutoka tundu moja la bolti hadi la pili. Dereva wake, mzee wa makamo, alituambia kwamba kwa siku kadhaa alisikia usukani ukitetemeka, akadhani ni ubovu wa njia. Tulimwuliza alikuwa akibeba nini siku hizo. Akajibu, “Watu, ndugu zangu.” Hatukuwa na swali jingine.

Yafaa kila mfanyakazi aelewe kwa nini jambo hili hutokea. Tuseme gurudumu moja hubeba uzito wa kilo 700. Ukilisogeza nje kwa sentimita 3, umeongeza mzigo wa kupinda sawa na kuning'iniza kilo 21 kwenye ncha ya mti wenye urefu wa mita moja. Mzigo huo huzielemea beringi na bolti saa zote, na gari likitumbukia shimoni huzidi mara nyingi. Kadhalika usukani huwa mzito, na kila jiwe lipigwalo na tairi huvuta mikono ya dereva. Tena, gurudumu lililosogezwa nje huzunguka kwa upana zaidi linapokatwa kona. Kwa hiyo lililoacha kukwaruza springi huenda likaanza kukwaruza madigadi.

Na faida yake ni kiasi gani? Tupige hesabu. Tairi la 265/75R16 lina kimo cha milimita 804 hivi. La 285/75R16 lina milimita 834. Tofauti ni milimita 30, lakini ekseli huinuka kwa nusu yake tu, yaani milimita 15, unene wa kidole. Kwa kidole hicho kimoja, kipimo cha mwendo huanza kusema uongo: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari hukimbia 83. Injini huvuta kwa taabu zaidi, na breki huzuia gurudumu zito zaidi. Kwenye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba mara nyingi hulishinda pana, kwa kuwa hukata tope na kuifikia ardhi.

Mkoa huu una kumbukumbu chungu ya mashine zisizopimwa kwa ardhi. Kati ya mwaka 1947 na 1951, Waingereza walipojaribu kulima karanga Kongwa, walileta matrekta yaliyokwisha kutumika vitani, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, nao ulivunja majembe ya mashine hizo. Mpango ulikufa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Ukubwa wa mashine haukufaa kitu mahali ambapo ardhi haikuchunguzwa kwanza.

Basi tufanyeje? Kwanza, ajuaye kwamba njia yake ni ya mchanga na apunguze upepo wa matairi yake ya kawaida kwa kiasi. Tairi litapanuka chini na kuelea juu ya mchanga, mradi upepo urudishwe kabla ya kurudi kwenye lami. Pili, atakaye kushinda tope achague tairi la kimo kile kile lenye meno makubwa. Tatu, akihitaji kweli tairi pana, bora atafute rimu iliyotengenezwa kwa upana huo kuliko kuongeza bamba.

Na anayeshikilia spesa asikubali bamba la kuchongwa kwa kukisia, wala la kusubu, kwani hilo hupasuka upesi. Iwe ya aluminiamu iliyofuliwa, yenye bolti zake yenyewe, na ikae barabara juu ya kitovu cha habu. Kutu isafishwe kwanza, nati zikazwe kwa spana ya kupimia, na baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena. Bamba jembamba lisilo na bolti zake ni la hatari zaidi, kwa sababu nati hubaki imeshika nyuzi chache tu.

Wenzetu wa nchi nyingine hawalichezei jambo hili. Ujerumani, spesa haiendi barabarani bila ya kibali cha wakaguzi. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka gari liwe katika hali njema, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtwika mwajiri wajibu wa kulinda maisha ya wafanyakazi wake. Dereva anayesema, “Gari hili halifai,” hajawa mvivu wala mkaidi. Ametimiza kazi yake, na yampasa mkubwa wake amsikilize.

Twawaomba wenye magari, mafundi na madereva wa Dodoma wakague habu zao kabla ya mvua. Gari likikwama mbugani, majirani watakuja na kamba na majembe, na litatoka. Gurudumu likichomoka katika mteremko, gari likiwa limejaa watu, hakuna kamba itakayowarudisha.