Fundi Umeme Anayejua Kupima

Ufundi umeme wa majumbani una sehemu mbili: ile ya kuufikisha umeme kwenye taa na soketi, ambayo kijana mwepesi huishika kwa muda mfupi akiwa msaidizi wa fundi mzoefu, na ile ya kumkinga mwenye nyumba siku hitilafu itakapotokea, ambayo haishikwi kwa macho tu kwa kuwa inataka hesabu na vipimo. Katika Mkoa wa Morogoro, ambako maji ya Kidatu yanazalisha umeme tangu mwaka 1975 ilhali vijiji vingi vya milima ya Uluguru vilisubiri nguzo za REA, Wakala wa Nishati Vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, sehemu hiyo ya pili ndiyo inayostahili kutiliwa mkazo.

Mafunzo rasmi hupatikana katika chuo cha VETA Kihonda, mjini Morogoro, kilicho chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na tuzo zake zina ngazi tatu. Mwanafunzi huanza kwa kusoma michoro, kupinda mabomba ya plastiki yanayofichwa ukutani na kuvuta nyaya, kisha hupanda hadi umeme wa njia tatu, yaani ule wa volti 400 unaoendesha mashine za kusaga na kukoboa, tofauti na njia moja ya volti 230 inayoitosha nyumba ya kawaida.

Thamani ya hesabu huonekana wazi katika ethi, yaani waya wa kijani na njano unaounganisha maganda ya chuma ya vifaa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Kwenye udongo wenye unyevu wa bondeni fimbo huzama yote kwa nyundo, lakini kwenye miteremko ya Mgeta au Matombo, huko Uluguru, inaweza kugonga mwamba kabla ya kufika nusu, na fundi asiye na kipimo hushawishika kuikata, kukifukia kichwa chake na kuondoka, kwa kuwa taa zinawaka kama kawaida. Tuseme ukinzani, yaani ugumu wa ardhi hiyo kupitisha umeme, ni omu 100: volti 230 zikigawanywa kwa 100 hupatikana mkondo wa ampea 2.3 tu, ambao sakiti breka ya ampea 20 haiutofautishi na matumizi ya kila siku, hivyo haikati, na ganda la jokofu hubaki na umeme mpaka mtu alishike akiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Fundi aliyesoma hupiga fimbo nyingine kando na kuziunganisha, na zaidi ya hapo hufunga kifaa kinacholinganisha mkondo unaoingia na unaorudi, kikakata umeme tofauti inapofikia miliampea 30, hata kama ardhi ni mbovu kiasi hicho.

Cheti cha chuo peke yake hakitoshi, kwani leseni ya kufunga mifumo ya umeme hutolewa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, kwa madaraja yanayotegemea elimu, uzoefu na ukubwa wa kazi. Utaratibu huo una maana pale tu mwenye leseni anapofika kwenye nyumba na kipimo mkononi. Muhuri uliogongwa mezani kwa kazi ya mtu mwingine humwachia mwenye nyumba karatasi isiyomlinda.

Kwa mafundi waliojifunzia kazini, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi hupimwa anachokijua, hufundishwa anachokikosa, kisha hupewa cheti. Muda wa mafunzo hayo ni mfupi, wala haufai kutumika kumfundisha mtu aliyefunga swichi kwa miaka mingi namna ya kufunga swichi. Tangu siku ya kwanza ashikishwe kipimo cha ethi pamoja na mega, chombo kinachosukuma volti 500 ili kubaini kama ganda la waya lilichubuka ndani ya bomba, afundishwe kuisoma namba na kuiandika kwenye karatasi atakayomwachia mwenye nyumba.