Mwalimu Liang na Wakulima wa China

Je, asiye na shahada aweza kufundisha Chuo Kikuu? Liang Shuming, mzaliwa wa Beijing wa mwaka 1893, aliweza. Mwaka 1917 Cai Yuanpei, mkuu wa Chuo Kikuu cha Beijing, alimwita afundishe falsafa ya Uhindi baada ya kuyasoma maandishi yake. Mwaka 1921 Liang alitoa kitabu kilicholinganisha tamaduni za Mashariki na Magharibi, akayatetea mafundisho ya Confucius, ambayo wasomi wengi vijana waliyaona kuwa mnyororo uliolifunga taifa lao.

Kwa mujibu wa mafundisho hayo, mtawala huongoza kwa mwenendo mwema kabla ya adhabu, na nyumba ndiyo shule ya kwanza ya raia. Liang aliona elimu hiyo haina budi kushuka vijijini. Basi mwaka 1924 akaiacha kazi ya chuo. Na kuanzia 1931 hadi uvamizi wa Wajapani mwaka 1937, alianzisha shule na vyama vya ushirika vya wakulima huko Zouping, mkoani Shandong.

Septemba 1953 alitamka mbele ya viongozi kwamba wakulima wameachwa nyuma na wafanyakazi wa mijini. Mao Zedong alimkemea hadharani. Mwaka 1974, Confucius aliposhutumiwa nchi nzima, Liang alikataa kumshutumu. Alifariki mwaka 1988, mwenye umri wa miaka 94.

Ndugu msomaji, wahenga walinena: kweli iliyo uchungu si uwongo ulio mtamu. Mwalimu wa utawala bora hupimwa siku anapotakiwa kunyamaza.