Waliohesabu Madimbwi ya Dar es Salaam

Ufuatiliaji wa afya ya jamii, yaani ukusanyaji wa takwimu usiokatika ili ziongoze hatua za kinga, hudhaniwa na wengi kuwa kazi ya maabara na wizara, ilhali mfano wake bora jijini Dar es Salaam ulitokana na wakazi waliokagua mitaro, madimbwi na matuta ya mboga. Mradi wa kudhibiti malaria mijini, ulioanza mwaka 2004 katika kata 15, ikiwamo Mchikichini inayopakana na eneo la soko la Kariakoo, uliwapa watu wa mitaani jukumu la kuorodhesha kila wiki palipotuama maji, wakifuata mipaka ya mashina ya nyumba kumi. Michoro yao ya mkono ilipolinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, yalibainika maeneo ambayo hayakuwa na mkaguzi.

Ukaguzi ulikuwa wa kila wiki kwa sababu kiluwiluwi, yaani mtoto wa mbu aishiye majini, huchukua takriban wiki moja au mbili kuwa mbu kamili. Mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi itokanayo na bakteria ilianza kunyunyizwa katika kata 3 tu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, na kwa kuwa kata nyingine zilibaki za kulinganishia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliweza kuonyesha kwamba uwezekano wa kukutwa na vimelea vya malaria ulipungua palipotumika dawa hiyo. Huo ndio ushahidi unaostahili kuitwa msingi wa mwongozo wa kinga.

Kariakoo ya leo inahitaji bidii ileile dhidi ya dengue, homa ya virusi iliyolikumba jiji mwaka 2014 na tena 2019, kwani mbu wake, Aedes, mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana na kutaga katika mapipa, ndoo na matairi. Mwongozo unaoishia kwenye chandarua cha usiku haumkingi machinga wa Mtaa wa Kongo anayeng'atwa asubuhi akiwa kazini. Aidha, kumwaga maji peke yake hakutoshi, maana mayai hunata ukutani mwa pipa na hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, hivyo pipa halina budi kusuguliwa.

Halmashauri ya Jiji iwarudishe wakaguzi wa mashina na iwalipe posho, na kila mwenye pipa uani alisugue na kulifunika kila wiki.