Kizazi Kinapojaa Usaha Uzeeni

Bibi wa miaka sabini na kitu anafikishwa hospitali akiwa na homa kali, tumbo limekakamaa kama ubao. Eksirei inaonyesha hewa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na daktari wa zamu anashuku kidonda cha tumbo kimetoboka. Anapopasuliwa, usaha unafurika. Wapasuaji wanakagua tumbo la chakula, utumbo, kidole tumbo: vyote vizima. Tundu linakuja kuonekana juu kabisa ya kizazi, na hewa ile ilikuwa gesi ya bakteria.

Visa vya namna hii ni vichache, lakini majarida ya tiba huvisimulia karibu kwa mfuatano huohuo. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, kizazi husinyaa na mlango wake huwa mwembamba. Kwa baadhi ya wanawake huziba kabisa. Majimaji ya ndani hukosa pa kutokea, bakteria huyavamia, usaha hujaa. Madaktari huiita hali hiyo piometra. Uzee si chanzo pekee. Saratani ya mlango wa kizazi huziba njia, na hata kovu la mionzi iliyoitibu laweza kuiziba. Kwa Tanzania, ambako saratani hiyo inaongoza miongoni mwa wanawake na wengi hupigwa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, jambo hili si la vitabuni tu.

Tatizo likigunduliwa mapema, tiba yake si kubwa. Mlango hupanuliwa taratibu, usaha hutolewa, mpira mwembamba huachwa ndani ili usaha uzidi kuchuruzika, na mgonjwa hupewa antibiotiki. Kinyama kidogo cha kizazi hupelekwa maabara. Hatua hii isirukwe, maana saratani hupenda kujificha humo. Kizazi kikishapasuka, mambo hubadilika: tumbo hufunguliwa, huoshwa kwa lita kadhaa za maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na mara nyingi kizazi hutolewa chote. Kwa mzee mwenye kisukari au presha, operesheni hiyo ni ya kufa na kupona.

Nionavyo, tunachelewa kwa sababu ya aibu. Bibi hamwambii mwanawe kwamba anatokwa na uchafu, na kliniki nayo haimuulizi, eti umri umeshapita. Wapo pia wasio na dalili yoyote.

Mama au bibi yako akiona damu au uchafu wenye harufu ilhali hedhi imekoma mwaka mzima au zaidi, mpeleke akapimwe ultrasaundi wiki hiyohiyo.